Mikono Iliyosema "Mimi"

Mwanamke huyu hakuwahi kuwa mtu wa kukaa. Hata mezani kwa mama yake alikula akiwa nusu kasimama, na vidole vyake visipopewa kazi vilijitafutia: vilikunja kitambaa cha meza, vikakinyoosha, vikakikunja tena. Waliomjua walisema ndivyo walivyo wenye kazi yake. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama.

Lugha aliipata kabla ya kazi. Kaka yake aliugua homa kali utotoni, akainuka kitandani hasikii hata mvua juu ya bati. Yeye mdogo mtu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, basi watoto wale wakajitungia maneno yao sakafuni, kwa mikono: kikombe, njaa, baba karudi, tukimbie. Mama yao alijifunza ya kumtosha kugombeza. Baadaye kaka alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali, akarudi na lugha kamili, na kila likizo alimfundisha mdogo wake, akimpiga kikofi kiganjani alipokosea. Msichana alipokua akaenda kusomea, akapata cheti, na tangu hapo akawa wa kuitwa huku na huku: hospitali, mahakamani, benki, harusini. Kaka akawa fundi makochi mwenye karakana nyuma ya soko. Alioa mwanamke kiziwi mwenzake, wakapata binti asiyesikia kama wao, mtoto mwenye maswali kuliko hakimu.

Mwaka wa uchaguzi wa meya, tume ilitoa agizo kwamba kila mgombea awe na mkalimani jukwaani. Wagombea wengine walinung'unika. Mmoja alimpigia simu mwanamke huyu siku ileile, kwa sauti tamu, akamwambia kwamba viziwi ni wapiga kura kama wengine. Alikuwa mfanyabiashara wa makamo, hodari wa kusema, ambaye hata jua likiwa la utosi havui tai yake. Viziwi, ambao humpa kila mtu jina la alama kutokana na anavyoonekana, walimpa jina lake mkutano wa kwanza tu: kiganja kushuka kifuani kama anayenyoosha tai. Nasi tumwite Tai, ya shingoni, si wa angani.

Kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu ukalimani. Mkalimani hasemi "huyu bwana anasema amejenga." Mgombea akisema "nimejenga", mkalimani anajigusa kifua: mimi, kujenga, tayari. Kwa muda ule yeye ndiye mgombea. Akitukana, ametukana. Akitania, ametania. Haongezi, hapunguzi.

Kwenye uwanja wa mpira, mbele ya umati, Tai alisema hivi: "Darasa la watoto viziwi katika shule yetu ya msingi limeshafunguliwa. Walimu wapo. Nimelisimamia mimi mwenyewe. Leteni watoto."

Mkalimani aliyatoa maneno hayo kwa mikono yake, pamoja na ile alama ya "tayari", viganja vikikung'utwa mbele kama vya mtu aliyemaliza kunawa. Pembeni ya jukwaa viziwi waliinua mikono juu wakaitikisatikisa, maana hivyo ndivyo wanavyopiga makofi. Kaka yake alitikisa ya kwake mpaka shati likatoka kwenye suruali. Hapakuwa na darasa la namna hiyo mji mzima. Binti yake alikuwa amekaa nyumbani, kwa sababu wazazi hawakutaka kumpeleka bweni mbali kama baba yake alivyopelekwa.

Siku shule zilipofunguliwa, mkalimani alikuwa kliniki na mama mjamzito kiziwi wakati simu yake ilipotetemeka. Ilikuwa simu ya video kutoka kwa kaka. Nyuma yake lilionekana geti la shule, na uso wake haukuwa wa mtu anayetaka salamu. Alipomaliza kliniki akaenda mbiombio.

Aliwakuta wamesimama barazani, fundi, mkewe na binti. Mtoto alikuwa amevaa sare mpya ambayo mama yake aliishona mwenyewe, kola imesimama kama karatasi. Mlango wa darasa ulikuwa umepakwa rangi ya buluu inayong'aa, na juu yake pamechorwa mikono miwili mizuri. Chini ya mikono hiyo kulikuwa na kufuli. Mkalimani alichungulia dirishani akaona madawati yaliyovunjika miguu, yamepandishwa mengine juu ya mengine hadi dari, na mifuko ya saruji iliyoganda.

Mwalimu mkuu alimvuta kando. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba watu wa kampeni walikuja na ndoo ya rangi, wakapaka mlango, wakapiga picha, wakaondoka na ndoo yao. Mwalimu wa lugha ya alama hajaletwa, wala hajasikia kwamba ataletwa. Akaomba asitajwe popote, kwani ana watoto wanaosoma.

Yote hayo mkalimani aliyafikisha kwa familia ya kaka yake. Mtoto alitazama mikono ya shangazi yake, akautazama mlango, akamuuliza mama yake kama walimu wamekwenda chooni. Hapo fundi akamgeukia mdogo wake.

"Ulisema tayari," alimwambia kwa mikono.

"Si mimi niliyesema. Ni yeye."

"Yeye simjui. Mdomo wake ulikuwa mbali, umezibwa na kipaza sauti. Mimi niliona mikono yako."

Sheria ya kazi aliijua, na kaka yake pia aliijua, lakini sheria haikuifuta ile sare pale barazani.

Kuanzia hapo roho yake ikakosa pa kutua. Alifua nguo zilizofuliwa. Alitoka kwenda dukani akafika akasahau alichofuata. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia akae chini kidogo kwani anamtia kizunguzungu. Alijaribu. Akakaa, akasimama, akaenda ofisi ya kampeni.

Ofisi ilikuwa duka la zamani la viatu, sasa limejaa mabango na maboksi ya fulana. Mratibu wa kampeni, dada mwenye simu mbili na macho yaliyochoka, alimsikiliza akiwa anaandika ujumbe. Mkalimani alimweleza habari ya kufuli na madawati, akaomba mgombea asahihishe kauli yake mkutano unaofuata.

"Dada yangu," mratibu alisema, "haya ni maneno ya kuwapa watu matumaini. Darasa litafunguliwa. Amelisema mapema tu."

"Alisema limeshafunguliwa."

"Mungu akipenda litakuwa limeshafunguliwa. Wewe fasiri, siasa tuachie sisi."

Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mzee aliyemfundisha kazi, mkalimani mstaafu ambaye watu wote walimwita Mwalimu. Alimkuta anamwagilia mboga zake kwa kopo. Alimwambia anataka kuacha, au afanye jambo moja tu: mkutano ujao Tai akilitaja darasa, yeye aongeze kwa mikono kwamba ni uongo. Nani atajua? Wasikiao hawaoni kitu.

Mwalimu aliweka kopo chini. Alimkumbusha kwamba yule mama mjamzito wa kliniki anamwamini kwa sababu hajawahi kuongeza neno. Siku ukiongeza lako, hata likiwa la haki, kila kiziwi aliyekaa mbele ya daktari ataanza kujiuliza ni lipi la daktari na ni lipi la mkalimani. Ukitaka kuacha, acha. Ukisimama pale, mikono si yako. Kisha akamtazama kwa upole akaongeza kwamba kazi ina pande mbili, na kwamba viziwi nao wana maneno yao, ambayo sauti yake inaweza kuyabeba.

Jioni ile alimfikishia kaka yake maneno ya Mwalimu. Fundi alikuwa ameinamia kochi, misumari midogo imebanwa midomoni. Aliitema mmoja mmoja kiganjani, akafikiri, akaweka nyundo pembeni apate mikono yote miwili.

"Basi usiache," alisema. "Sisi tutakuja kuuliza."

Nafasi ilipatikana kwenye mdahalo. Wagombea wote waliitwa ukumbi wa mji, ukumbi wa zamani wenye sakafu ya mbao, na msimamizi alikuwa mtangazaji wa redio aliyejulikana kwa kukata watu maneno. Viziwi waliwahi mapema wakajaza safu za mbele, fundi katikati. Mkalimani alisimama karibu na kiti cha Tai, amevaa blauzi nyeusi isiyo na ua, ya kazi, ili mikono ionekane. Kila baada ya muda alipaswa kubadilishana na mwenzake, lakini mwenzake aliamka na homa, kwa hiyo alikuwa peke yake.

Maswali yalipofunguliwa, fundi alisimama. Mkalimani akashika kipaza sauti, na kwa kanuni ileile ya kazi akamsemea: "Mimi ni fundi makochi, na ni baba wa mtoto mmoja." Ukumbi ukacheka, kumsikia mwanamke akijiita baba. Aliendelea. "Ulisema darasa la viziwi limeshafunguliwa. Nilimpeleka binti yangu akiwa na sare. Nikakuta kufuli. Walimu wako wapi?"

Tai aliinuka, akafunga kifungo cha koti. Alizungumzia thamani ya elimu, akazungumzia utoto wake wa shida, akamshukuru fundi kwa moyo wake, akakaa. Mkalimani aliyafikisha yote, neno kwa neno, mpaka mabega yakaanza kumuuma. Fundi aliyatazama hadi mwisho. Kisha hakukaa.

"Asante. Taja jina la mwalimu mmoja."

Tai alisema mambo ya majina ni ya kiutawala.

"Basi taja siku lilipofunguliwa."

Watu waliacha kucheka. Mtangazaji naye, kwa mara ya kwanza, hakumkata mtu, akamgeukia mgombea na kusubiri. Tai alitabasamu kwa ukumbi, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia mratibu wake aliyeketi nyuma.

"Wagawie hawa fulana wanyamaze," alisema. "Si ndiyo kazi yao tangu kuzaliwa?"

Mkalimani alikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Alisikia kila silabi. Kanuni inasema kila kinachosikika mahali pa kazi, mlango ukigongwa, simu ikilia, mtu akinong'ona, kiziwi ana haki ya kukijua, maana anayesikia angekisikia. Baadaye aliulizwa mara nyingi kama alifikiri kwanza. Alisema hajui. Alichokumbuka ni kwamba alipoitazama mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye neno "kunyamaza".

Safu za mbele ziliganda. Halafu mguu mmoja ulipiga sakafu, kisha mwingine, kisha yote, kwa pamoja. Viziwi wakitaka kuitana hupiga mbao mtetemo uwafikie wenzao, na siku ile ukumbi mzima ulitetemeka, glasi za maji zikagongana mezani. Mtangazaji aliuliza kuna nini. Fundi akainua mikono, na dada yake akamsemea: "Naomba mgombea arudie kwenye kipaza sauti aliyomwambia msaidizi wake."

Tai alisema hakumwambia mtu kitu. Alipoona hawatulii, akasema mkalimani ametunga.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Kazi ya kampeni ilikatika bila kwaheri. Hospitali walimwambia apumzike kwanza, wasije wakaonekana wana upande. Mama yake aliacha kwenda sokoni, kwa sababu kila meza aliyosimama aliulizwa kuhusu binti yake, naye akamlaumu kwa kuwaweka midomoni mwa watu. Mkalimani hakubishana. Alizunguka mtaani bila safari, akapita mbele ya bango la Tai, akarudi akapita tena. Alijua alichosikia, lakini kuna saa alijiuliza kama kweli alisikia, na kujiuliza huko kulimuuma kuliko matusi ya simuni.

Chama cha viziwi kilipeleka malalamiko kwa kamati ya maadili ya uchaguzi. Yalikuwa mawili, uongo wa darasa na maneno ya ukumbini. Shauri lilisikilizwa katika chumba kidogo chenye feni inayolia, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mstaafu wa mahakama, mpole wa sura, asiyependa maneno marefu. Mwalimu aliacha mboga zake akaja kumkalimania fundi, kwa kuwa mwanafunzi wake sasa alikuwa shahidi.

Wakili wa Tai alikuja na hoja ambayo hakuna aliyeitarajia. Alisema mteja wake uwanjani alisema darasa "litafunguliwa". Kosa ni la mkalimani. Lugha ya alama, alieleza kwa huruma, haina nyakati nyingi kama lugha zetu, hivyo ni rahisi jambo lijalo kuonekana limepita. Sasa mkalimani alikuwa anasingiziwa uongo uleule uliomnyima usingizi.

Mwenyekiti hakumjibu wakili. Alimwomba mtangazaji wa redio, aliyeitwa kama shahidi, acheze kilichorekodiwa na redio yake uwanjani. Sauti ya Tai ikajaa chumba, safi kabisa: limeshafunguliwa, walimu wapo, leteni watoto. Fundi hakuisikia, lakini alizitazama nyuso za waliosikia, kisha mikono ya Mwalimu, akamwangalia dada yake na, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kufuli, akamwitikia kwa kichwa.

Maneno ya ukumbini yalikuwa magumu kuthibitishwa. Kipaza sauti kilikuwa kimefunikwa. Alibaki mtu mmoja, mratibu. Alipoulizwa alizungusha simu yake mezani kwa muda mrefu, akamtazama mkalimani, akayaondoa macho haraka. "Sikumbuki," alisema. Si kwamba hayakusemwa. Hakumbuki. Mwenyekiti alilirudia neno hilo polepole, akasema kamati haina la kuongeza hapo.

Kuhusu darasa, uamuzi ulikuwa wazi. Mgombea atasahihisha kauli yake hadharani, uwanja uleule, kwa kipaza sauti, akiwa na mkalimani. Watu wa Tai walitafuta mkalimani mwingine. Mji wenyewe ulikuwa na wakalimani wachache, na Mwalimu aliwajibu kwamba mgongo unamsumbua. Ikabidi wampigie simu yuleyule. Alikubali kabla mratibu hajamaliza sentensi.

Mkutano ulikuwa wa mwisho wa kampeni, na jua lilikuwa kali. Tai hakumsalimu. Alisubiri hadi mwisho kabisa, watu wameanza kuchoka, akatoa kikaratasi na kusoma kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua: nilisema darasa la watoto viziwi limeshafunguliwa. Alipofika "si kweli", kijana wa muziki aliachia wimbo wa kampeni, spika zikanguruma, umati ukaanza kucheza. Tai aliendelea kusogeza midomo. Hata waliokuwa mbele hawakuambulia kitu.

Ila mkalimani alikuwa ubavuni pake, na muziki haufuniki mikono. Alimwinamia kuyapata maneno, akayatoa yote: mimi nilisema tayari. Si kweli. Halijafunguliwa. Hakuna mwalimu. Mimi naomba radhi. Kila alipojigusa kifua aliona lile "mimi" likimwelemea. Lilikuwa la Tai, na bado lilikuwa limepita kwake mara zote mbili, likienda na likirudi.

Viziwi hawakutikisa mikono. Fundi alipomfikia baada ya mkutano alionekana ameudhika zaidi kuliko mwanzo.

"Kwa hiyo tunaojua ni sisi tu," alisema, akionyesha umati unaocheza.

Ndipo wakaanza kazi waliyojipa wenyewe. Fundi alisimama mbele ya kochi lisilo na kitambaa, akasimulia kwa mikono habari ya darasa, hukumu ya kamati na ule wimbo, dada yake akamsemea, mkewe akashika simu ya kurekodi. Video ile ilizunguka. Wengine waliikebehi, wengine walikwenda shule kuchungulia dirishani. Mama yao aliirudia kuitazama mara nyingi akiwa jikoni, kisha akatoka kwenda sokoni na kikapu chake, na aliporudi alisema amewajibu wote.

Tai alishinda. Alishinda kwa kura chache kuliko alivyojigamba, na mitaa ya karibu na shule ilimkataa, lakini alishinda, akaapishwa, akakalia kiti. Mkalimani alipata habari akiwa anapanga vyombo. Alivipanga vyote, akavitoa, akavipanga tena. Hospitali ilimrudisha baada ya muda, kwa sababu wagonjwa viziwi walikataa kuingia kwa daktari bila yeye.

Darasa lilifunguliwa mwaka uliofuata, baada ya wazazi kwenda ofisi ya elimu wiki baada ya wiki na kukaa kwenye benchi la nje bila kuondoka. Meya alikuja kukata utepe. Alisema kila mtu ameona sasa kwamba yeye akiahidi hutimiza, na mkalimani aliyesimama ubavuni pake siku hiyo alikuwa kijana mgeni kutoka mji mwingine, akiyafikisha maneno hayo kwa uaminifu. Mwanamke yule alisimama nyuma kabisa ya umati, karibu na geti, akiuma midomo.

Aliyeletwa kufundisha darasa hilo alikuwa msichana kiziwi, mkali, aliyenyoosha kila kosa. Wiki ya kwanza tu binti wa fundi alirudi nyumbani na begi mgongoni, akamkuta shangazi yake anapita huku na huku sebuleni akimsubiri. Shangazi alimuuliza shule ilikuwaje. Mtoto alimtazama mikono, akakunja uso, akaweka begi chini.

"Shangazi, alama yako ya 'shule' ni ya zamani," alisema. "Kaa hapa nikufundishe."

Akakaa.